Kuiona Faili Si Kuwa Nayo: Somo la Kuandaa Kompyuta Mpya Itumike Pasipo Mtandao



Tuanze somo hili kwa mfano. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, katika kijiji kimojawapo cha milima ya Umalila, amenunua kompyuta mpakato mpya mjini Mbeya. Ile ya zamani imechoka. Betri yake haishiki moto hata nusu saa. Kwa miaka mitatu ameandika humo kila hisa iliyonunuliwa, kila mkopo uliotolewa na kila faini iliyolipwa, na kwa bahati njema faili zote amekuwa akizihifadhi kwenye wingu. Akiwa dukani, penye mtandao wa kasi, anaingiza anwani yake ya barua pepe na nenosiri katika kompyuta mpya. Muda si muda majina ya faili zake yanajipanga kwenye kioo: Daftari la Hisa, Marejesho ya Mikopo, Mihtasari ya Vikao, Katiba ya Kikundi. Anaridhika, anaifunga kompyuta, anapanda gari pale Mbalizi na kurejea Ilembo.

Jumamosi ya wiki hiyo ni siku ya kugawana akiba ya mwaka. Wanachama 30 wamekusanyika, wengine wametoka mbali kwa miguu, na kila mmoja ana jambo linalosubiri fedha hiyo: mbolea ya viazi, sare ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza, bati za nyumba. Mvua imenyesha tangu alfajiri na simu za wote hazina mtandao. Katibu anabofya Daftari la Hisa. Kompyuta inamjibu kwamba faili haiwezi kufunguliwa mpaka mtandao urejee. Anajaribu Marejesho ya Mikopo. Jibu ni lile lile. Fedha zimo sandukuni, tena zimehesabiwa mbele ya wote. Kinachokosekana ni ushahidi wa nani anastahili kiasi gani. Mnong'ono unaanza nyuma ya chumba.

Katibu huyu ni wa mfano, lakini kosa lake hufanywa na watu wengi, wakiwamo watumishi, walimu na wanafunzi wa vyuo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zama hizi yafaa tuongeze kwamba daftari lisilofunguka siku ya hesabu halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwapo. Katika somo hili tutaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, kisha tutapitia hatua za kuliepuka.

Wingu ni nini hasa

Tunaposema faili imehifadhiwa kwenye wingu, maana yake ni kwamba imewekwa katika kompyuta kubwa za kampuni inayotoa huduma hiyo, na sisi huifikia kwa njia ya intaneti. Huduma zinazotumika sana ni Google Drive, OneDrive ya Microsoft na Dropbox. Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, OneDrive gigabaiti 5 na Dropbox gigabaiti 2. Kompyuta hizo kubwa mara nyingi ziko nje ya nchi yetu. Kila unapofungua faili ambayo haijashushwa kwenye kompyuta yako, data husafiri kutoka huko, hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari, hufika pwani, hupanda bara kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano au njia nyingine za nchi kavu, hufikia mnara wa simu, kisha hukufikia wewe. Njia hiyo ni ndefu, na popote inapokatika, faili yako haifiki.

Watanzania tulilishuhudia jambo hilo Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ya intaneti ilizorota nchini mwetu na katika nchi jirani kadhaa, na ilichukua siku kadhaa kurejea katika hali yake. Mtu aliyekuwa na faili zake ndani ya kompyuta aliendelea na kazi zake. Aliyekuwa na majina ya faili pekee alibaki akiyatazama. Si lazima waya wa baharini ukatike ndipo yatupate hayo. Katika nyanda zetu za juu, bonde lililojificha nyuma ya mlima, umeme uliokatika kwa muda mrefu, au bando lililokwisha usiku, vyote hutufikisha pale pale.

Wingu lenyewe si kosa. Kompyuta ikiibwa, ikiungua au ikianguka mtoni, faili zilizo kwenye wingu hubaki salama. Kosa ni kudhani kwamba kilicho kwenye wingu tayari kimo pia ndani ya kompyuta mpya.

Kwa nini kompyuta mpya huonyesha kitu isichokuwa nacho

Zamani, programu ya kuhifadhi kwenye wingu ilikuwa ikishusha kila kitu. Ukiingia kwenye akaunti yako katika kompyuta mpya, faili zote zilianza kumiminika hadi zikaisha. Utaratibu huo ulijaza kompyuta zenye nafasi ndogo na kumaliza bando. Kwa hiyo watengenezaji wakabuni njia nyingine: kompyuta huonyesha jina, tarehe na ukubwa wa faili, lakini yaliyomo hubaki kwenye wingu hadi siku utakapoifungua. Katika kompyuta nyingi mpya zenye Windows, OneDrive hufanya hivyo bila wewe kuulizwa. Google Drive ya kwenye kompyuta nayo huanza kwa utaratibu kama huo.

Jambo hili linawahusu watu wengi zaidi kwa sasa, kwa kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na wengi wamelazimika kubadili kompyuta. Anayetoka kwenye kompyuta ya zamani, ambako faili zote zilikuwa zimeshashuka siku nyingi, huzoea kuzifungua bila mtandao. Akihamia kwenye mpya hudhani mambo yatakuwa vile vile, kwa sababu kioo kinaonyesha orodha ile ile.

Tunaweza kulifananisha na ghala la mahindi. Orodha ya magunia iliyobandikwa mlangoni inaweza kuwa sahihi kabisa, ilhali magunia yenyewe yamehifadhiwa ghala la mjini. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini huwezi kupika ugali kwa orodha.

Hatua ya kwanza: usiiache kompyuta ya zamani mapema

Kabla hujaiuza, hujaigawa wala kuifuta kompyuta ya zamani, hakikisha kwamba kila unachokihitaji kimefika kwenye wingu. Watu wengi huhifadhi baadhi ya faili katika kabrasha la wingu na nyingine mahali pengine, kwa mfano juu ya eneo kazi au katika kabrasha la vitu vilivyopakuliwa, kisha husahau. Chukua simu au kompyuta nyingine, fungua akaunti yako kwa kivinjari, utazame kama faili zako muhimu zinaonekana na kama mabadiliko ya mwisho yamo. Fungua moja au mbili na usome mstari wa mwisho. Ukikuta hesabu za mwezi uliopita hazimo, ujue kompyuta ya zamani haijamaliza kupeleka.

Hakikisha pia kwamba unalikumbuka nenosiri, na kwamba namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ni ile unayoitumia sasa. Unapoingia kwenye kompyuta mpya, huduma nyingi hutuma namba ya siri kwenye simu yako ili kuthibitisha kuwa ni wewe. Laini iliyopotea mwaka juzi haitapokea ujumbe huo.

Hatua ya pili: pima ukubwa kabla ya kushusha

Faili za maandishi na za hesabu ni ndogo. Daftari la hisa la kikundi cha watu 30 kwa kawaida halifiki hata megabaiti 1. Picha ndizo nzito. Picha moja ya stakabadhi iliyopigwa kwa simu huweza kuwa na megabaiti 3. Ukiwa nazo 300, umefikia megabaiti 900. Video ni nzito zaidi.

Hesabu ya muda haina ugumu. Tuseme unataka kushusha gigabaiti 1 na kasi ya mtandao wako ni megabiti 4 kwa sekunde. Gigabaiti 1 ni sawa na takribani megabiti 8,000. Gawanya kwa 4, utapata sekunde 2,000, yaani zaidi kidogo ya dakika 33. Gigabaiti 5 kwa kasi hiyo hiyo zitahitaji karibu saa 2 na dakika 47, endapo mtandao hautatetereka. Ndiyo maana si busara kuianza kazi hii asubuhi ya mkutano. Fanya siku mbili au tatu kabla, mahali penye mtandao mzuri na umeme wa uhakika.

Si lazima ushushe kila kitu. Jiulize: endapo mtandao utakosekana wiki nzima, ni faili zipi zitasimamisha kazi yangu? Kwa kikundi, jibu huwa ni daftari la hisa, orodha ya mikopo na marejesho, mihtasari, katiba na orodha ya wanachama. Ziweke hizo katika kabrasha moja, ili uweze kulishughulikia kabrasha zima kwa mara moja.

Hatua ya tatu: iagize kompyuta izibakize faili

*Kwa OneDrive.* Fungua kabrasha la OneDrive na utazame alama ndogo iliyo kando ya kila faili. Alama ya wingu la buluu ina maana kwamba faili iko kwenye wingu tu. Alama ya vema ya kijani ndani ya duara jeupe ina maana kwamba faili imeshuka kwa sababu uliwahi kuifungua, lakini kompyuta inaweza kuirudisha kwenye wingu ili kuokoa nafasi. Alama ya vema nyeupe ndani ya duara lililojaa rangi ya kijani ina maana kwamba faili imeshuka na itabaki. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoitafuta. Ili kuipata, bofya kabrasha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague maneno ya Kiingereza yasemayo «Always keep on this device». Subiri hadi alama zote zibadilike.

Wengine hufungua faili zao moja baada ya nyingine wakiamini kwamba wamemaliza kazi. Kwa kufanya hivyo wanapata alama ya pili tu. Windows ina utaratibu wa kusafisha nafasi ambao huweza kuzirudisha kwenye wingu faili zisizofunguliwa kwa muda. Faili iliyofunguliwa Machi huenda isiwemo tena Desemba. Faili yenye alama ya tatu haiguswi na utaratibu huo.

*Kwa Google Drive.* Ukiwa umeweka programu yake kwenye kompyuta, bofya kabrasha kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye «Offline access», kisha uchague «Available offline». Mwenye nafasi ya kutosha anaweza kuingia katika mipangilio ya programu na kuchagua «Mirror files». Hapo faili zake zilizomo katika «My Drive» zitashushwa na kubaki.

Hati zilizoandikwa ndani ya Google yenyewe, yaani Docs na Sheets, zina tabia ya pekee. Kile kinachoonekana kwenye kompyuta kama faili ya hati hiyo ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye wingu. Ukikinakili kwenye flashi na kuipeleka kwa mwenzako, umempelekea anwani, hukumpelekea hati. Ili hati hizo zifunguke bila mtandao, tumia kivinjari cha Chrome au Edge, ingia Google Drive, fungua mipangilio na uweke alama kwenye sehemu ya «Offline». Kivinjari kitakuomba uongeze kiambatisho cha Google kwa kazi hiyo, kikubali. Usifanye hivyo kwenye kompyuta ya watu wengi, kama ile ya kibanda cha intaneti, kwa sababu utakuwa unaacha nakala ya hati zako hapo. Na ukitaka nakala kamili ya kuweka kwenye flashi, ifungue hati, nenda sehemu ya faili na uipakue katika muundo wa Word, Excel au PDF.

*Kwa Dropbox.* Utaratibu ni kama wa OneDrive: bofya kwa kitufe cha kulia na uchague «Make available offline».

*Kwa simu.* Wenye kutumia simu janja peke yake hawajaachwa. Katika programu ya Google Drive ya simu, gusa nukta tatu zilizo kando ya faili, kisha uchague ipatikane nje ya mtandao.

Jambo moja huwachanganya wengi katika hatua hii. Kompyuta ikiwa katika hali ya kuokoa betri, au muunganiko wa mtandao ukiwa umewekwa kuwa ni wa kupimwa, OneDrive huweza kusimama bila kelele. Mtu huiacha usiku kucha akitumia mtandao wa simu yake, asubuhi anakuta hakuna kilichoshuka. Chomeka kompyuta kwenye umeme, tazama alama ya wingu iliyo pembeni chini ya kioo, na usome inasema nini. Ikisema imesimama, iruhusu iendelee.

Hatua ya nne: jaribu ukiwa bado karibu na mtandao

Hii ndiyo hatua ambayo katibu wa mfano wetu aliiruka, nayo haichukui hata dakika 5. Kompyuta ikishamaliza kushusha, zima mtandao kwa makusudi kwa kuiweka katika hali ya ndege. Kisha fungua faili moja baada ya nyingine. Usitosheke kuona jina. Ifungue, shuka hadi ukurasa wa mwisho, soma tarakimu. Isiyofunguka iandike pembeni. Washa mtandao, shughulikia hizo zilizosalia, zima tena, ujaribu tena.

Ipo njia ya pili ya kupima kwa OneDrive. Bofya faili kwa kitufe cha kulia na ufungue sifa zake. Utaona vipimo viwili: ukubwa wa faili, na ukubwa wake ndani ya diski. Kipimo cha pili kikiwa sifuri, faili hiyo haimo ndani ya kompyuta yako, hata kama cha kwanza kinaonyesha megabaiti 10.

Mtihani huu ufanye ukiwa bado mjini au popote penye mtandao, maana ukigundua kasoro ukiwa huko unaweza kuirekebisha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, anayerudi likizo Umalila na tasnifu yake kwenye kompyuta mpya, ana safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako. Akiugundua upungufu akiwa chumbani kwake Iringa, ataurekebisha kwa dakika chache. Akiugundua nyumbani, siku tatu kabla ya tarehe ya kuwasilisha, atakuwa akipanda kilima kwa kilima akitafuta mtandao.

Hatua ya tano: ukifanya kazi bila mtandao, rudi kuoanisha

Ukishaandika bila mtandao, mabadiliko yako yamo kwenye kompyuta yako peke yake. Wingu litayajua siku utakapounganisha tena. Usifunge kompyuta mara tu upatapo mtandao. Ipe muda hadi ioneshe kwamba imemaliza kuoanisha.

Kama faili hutumiwa na watu wawili, kwa mfano katibu na mweka hazina, kubalianeni nani anaandika na lini. Wakiandika wote wawili katika faili moja ya Word au Excel huku kila mmoja akiwa nje ya mtandao, huenda zikapatikana nakala mbili zinazotofautiana, ya pili ikiwa imeongezewa jina la kompyuta iliyoitoa. Hapo kikundi hujikuta na hesabu mbili na ugomvi mmoja.

Tahadhari tatu

Ya kwanza: kufuta si kuokoa nafasi. Faili iliyounganishwa na wingu ukiifuta kwenye kompyuta mpya, hufutika pia kwenye wingu na kwenye vifaa vyako vingine. Kama nafasi imejaa, kwenye OneDrive chagua «Free up space». Faili itaondoka kwenye diski na kubaki kwenye wingu. Ukiwa umekwisha kufuta kwa bahati mbaya, wahi kutazama kwenye kapu la taka la huduma hiyo. Google Drive huitunza faili iliyofutwa kwa siku 30, na OneDrive ya mtu binafsi hivyo hivyo. Baada ya hapo huondolewa moja kwa moja.

Ya pili: wingu na kompyuta bado ni mkono mmoja, kwa kuwa kosa linalofanyika upande mmoja hufika upande wa pili. Weka nakala ya tatu kwenye flashi au diski ya nje kila mwezi, uiandike tarehe, na uikabidhi kwa mjumbe mwingine wa kamati. Kwa vikundi, tunashauri pia kuchapisha ukurasa wa majumuisho kila robo mwaka, mwenyekiti na mweka hazina wautie saini. Karatasi haihitaji umeme wala mnara. Kumbuka pia kwamba akaunti binafsi ya Google isiyotumiwa kwa miaka 2 huweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kwa hiyo usiifungue akaunti ya kikundi ukaisahau.

Ya tatu: faili iliyoshuka kwenye kompyuta yaweza kusomwa na yeyote atakayeishika kompyuta hiyo. Orodha za wanachama huwa na namba za simu, namba za vitambulisho vya taifa na kiasi cha fedha za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kutunza taarifa za watu wazilinde. Weka nenosiri la kuifungulia kompyuta mpya. Na kabla ya kuiuza au kuigawa ya zamani, ondoa akaunti yako humo, kisha irejeshe kompyuta katika hali ya kiwandani. Fanya hivyo baada ya kufaulu mtihani wa hatua ya nne, si kabla.

Linatuhusu vipi katika huduma za Halmashauri

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba hutakiwa kuwa na katiba, orodha ya wanachama, mihtasari na kumbukumbu za fedha, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akija kukitembelea huhitaji kuziona. Vivyo hivyo, serikali ya kijiji hutakiwa kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Wananchi waliotembea saa nzima kuja mkutanoni wana haki ya kusomewa tarakimu siku hiyo hiyo. Kuambiwa kwamba taarifa ipo ila haifunguki ni jibu linalozaa shaka, hata pale ambapo hakuna aliyechukua chochote.

Turejee kwa katibu wetu. Angeweza kukaa dukani dakika 20 zaidi, akalibofya kabrasha lake, akasubiri alama za kijani, akazima mtandao na kuifungua kila faili. Jumamosi hiyo mvua ingenyesha vile vile na mnara ungekaa kimya vile vile, lakini wanachama 30 wangerudi nyumbani na fedha zao, na yeye angerudi na heshima yake.

Maswali ya kujipima

1. Kompyuta yako inaonyesha alama ya wingu la buluu kando ya faili ya katiba. Je, utaweza kuifungua kijijini pasipo mtandao?
2. Umenakili kwenye flashi hati iliyoandikwa ndani ya Google. Je, umebeba hati au kiungo?
3. Kompyuta imejaa. Kuna tofauti gani kati ya kuifuta faili na kuirudisha kwenye wingu?
4. Ni jaribio gani utalifanya kabla hujaondoka mahali penye mtandao?

*Majibu:* 1. Hapana, faili hiyo bado iko kwenye wingu tu. 2. Kiungo, pakua nakala ya Word, Excel au PDF. 3. Kufuta huiondoa kila mahali. Kuirudisha kwenye wingu huiondoa kwenye diski tu. 4. Kuzima mtandao na kuifungua kila faili muhimu hadi ukurasa wa mwisho.

Mkazi mwenye kompyuta mpya asiyeweza kuzifuata hatua hizi peke yake asione haya kumwomba msaada mwalimu, kijana wa chuo au mtumishi wa kata anayezifahamu. Aende na kompyuta zote mbili, mpya na ya zamani, na awe na simu yenye laini iliyosajiliwa kwenye akaunti yake. Nenosiri aliandike yeye mwenyewe, asimtajie mtu.